Wapagazi wa Mawe

Taruma moja la chuma, la kulazwa chini ya reli, lililobaki pale reli ilipokwisha kutandikwa, liliwekwa juu ya mafiga mawili ya zege mbele ya kibanda cha kahawa cha Bi Batuli, na hilo ndilo lililokuwa benchi la Dodoma nzima. Asubuhi lilikuwa la baridi kama mkono wa maiti, mchana lilichoma makalio, ila alasiri, upepo wa Juni ukishaanza kuleta vumbi jekundu kutoka upande wa Chamwino, lilikalika. Waliolikalia walikuwa walewale. Kushoto alikaa Shaaban Filimbi, mtu wa pwani mwenye mvi za kutosha kuamkiwa shikamoo, mpuliza filimbi wa stesheni, ambaye aliamini kabisa kwamba treni haiendi kwa moto na maji bali kwa mapafu yake. Katikati alikaa Hasani Ngozi wa Kondoa, mchuuzi wa ngozi za ng'ombe, ambaye harufu yake ilifika kijiweni kabla yake na kubaki baada yake. Kulia, miguu imenyooshwa ili kila mpita njia airuke, alikaa Matonya Kitabu, kijana wa Kigogo aliyesoma shule ya misheni mpaka kitabu cha pili. Yeye alisema aliondoka kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa. Walimu walikuwa na maelezo mengine, lakini hawakuwa watu wa kijiweni.

Mwaka ule hapakuwa na mazungumzo mengine ila bustani. Kaiza wa Wadachi, huko kwao, alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano kwenye kiti, na Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, alitaka sherehe ya kueleweka. Akaukata uwanja ulio kati ya stesheni na boma vipande vitano, akavigawa, akatangaza shindano. Sharti lake lilikuwa geni: kila bustani iwe na habari yake, mtu akiitazama aisome bila kuambiwa. Na mshindi angeruhusiwa kuliomba boma kitu kimoja, chochote kilicho ndani ya uwezo wa boma.

Wengine waliota bunduki, wengine ng'ombe. Matonya alitaka kitu kimoja chenye shingo, na shingo hiyo ilikuwa kwenye mnyororo. Kaka yake, Yotham, alikuwa amehukumiwa kifungo cha mwaka mzima kwa kosa la kutupa mzigo wa boma njiani, katika safari ya miguu ya kwenda Mpwapwa. Walimkuta siku mbili baadaye, ameketi kando ya njia, mikono mitupu. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua, kwa kuwa mfungwa hasemeshwi. Kila alasiri watu wanane, wameunganishwa shingo kwa shingo, walipita mbele ya benchi wakibeba madebe ya maji kutoka kisimani kwenda bomani, na Yotham alikuwa wa sita. Mwezi wa kwanza alipita anatembea. Mwezi wa tano alipita anakohoa, na wale wa mbele walikuwa wamejifunza kupunguza mwendo kikohozi kikimshika, maana mnyororo ulikuwa unawavuta wote. Miezi saba ilikuwa imebaki. Aliyemtazama mara moja alijua kwamba saba ni mingi.

Basi Matonya akajenga. Na hapa, tumcheke tutakavyo, tumpe haki yake. Askari walichora bendera ardhini kwa mkaa, chokaa na pilipili nyekundu, na kuku wakadonoa nyekundu yote. Watu wa misheni walitengeneza bustani ya Edeni yenye mpapai mmoja, nyoka wa bati, na Hawa wa udongo aliyepasuka kifua kwa jua. Wenye maduka walipanda waridi ambazo upepo ulizivua nguo siku ya pili, na mafundi wa reli walipanda viazi, wakasema habari yake ni njaa. Matonya yeye akatengeneza safari. Upande mmoja wa kiwanja alimwaga mchanga mweupe, ndio pwani. Upande wa pili alichimba shimo, akalisiriba kwa udongo wa mfinyanzi, akalijaza maji, ndilo ziwa la bara. Katikati alipitisha njia nyembamba kati ya mimea ya mtama na minyaa, na juu ya njia akasimamisha mawe arobaini, kila moja kimo cha goti, moja nyuma ya jingine. Kila jiwe lilikuwa na ngata ya majani kichwani, na juu ya ngata donge la udongo lililopandwa mshubiri mdogo. Hao ndio wapagazi na mizigo yao. Ukisimama mbali, jua likiwa chini, ungeapa wanapumua.

— Nimebuni mwenyewe, aliwaambia watu wiki nzima. Hata Ulaya haipo.

Lakini alasiri ya siku moja kabla ya hukumu alikuja kijiweni kimya, akakaa na miguu yake akaikunja. Shaaban alimwuliza kama leo anaumwa jino. Matonya alichukua kikombe, akakishika bila kunywa.

— Yamesogea tena, akasema.

Alikwisha kuwaambia hivyo jana, wakamcheka. Alikwisha kuwaambia juzi, wakamcheka zaidi. Siku ya kwanza mawe yalikuwa yamesogea shibiri moja kuelekea ziwani. Siku ya pili, hatua nzima. Na lile ziwa, ambalo alilijaza madebe sita kila jua lilipokuchwa, kila alfajiri alilikuta kavu, udongo wake umepasuka vipande vipande kama haujaona maji tangu masika.

Leo waliinuka wote wakavuka uwanja kwenda kuona, hata Bi Batuli, aliyeliacha buli lake motoni. Jiwe la mbele, ambalo Matonya alilisimamisha hatua kumi kutoka majini na kulipa mzigo mkubwa kwa kuwa ndilo mnyampara, lilikuwa hatua mbili tu kutoka ukingoni. Yaliyobaki yalilifuata. Hayakuwa yameviringika. Hapakuwa na mkwaruzo nyuma yake, wala alama ya mguu wa mtu au kwato. Ngata zilikuwa vichwani, na mishubiri juu ya ngata ilikuwa imesimama wima. Bi Batuli alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya vumbi nyuma ya jiwe la mwisho. Lilikuwa laini, kama limefagiwa. Alijipangusa mkono kwenye kanga, akarudi kibandani, nao wakamfuata haraka kidogo kuliko walivyokwenda.

Walipokwisha kukaa, Shaaban Filimbi alisafisha koo.

— Hii ni treni, alisema. Treni ya mizigo ikiingia, ardhi inatetema. Jiwe linatetema, linatembea. Mimi nimewahi kuona sufuria ikitembea mezani.

Hasani alitaka kujua kwa nini basi mawe hayarudi nyuma treni inaporudi pwani. Shaaban alifikiri, akasema inarudi ikiwa nyepesi. Hasani akasema hapana, hao ni askari: wanajua Matonya anamtaka nani, na wao ndio wanaomchapa, kwa hiyo hawataki atoke akaseme. Wamekuja na miti mirefu wakayasukuma kutoka mbali. Matonya alimwambia akachukue mti mrefu asukume jiwe lenye donge la udongo kichwani bila donge kuanguka, kisha aje waendelee na mazungumzo.

Hapo Shaaban aliiacha treni na kuishika reli. Reli, alisema, ni chuma, na chuma kina mvuto. Wadachi wametandika chuma kutoka baharini mpaka huku, na sasa nchi yote inavutwa polepole, na mawe ni ya kwanza kwa sababu hayana mizizi. Ndio maana siku hizi anachoka kutembea kwenda nyumbani: nyumba imesogea. Hasani, ambaye hakupenda kushindwa na mtu wa pwani, alikwenda chini zaidi.

— Ninyi Wagogo si mnasema wenyewe, tembo alizama hapa, ndiyo maana ya jina la mji? Alizama. Nani aliyewaambia alikufa? Yuko chini. Ana kiu. Anafyonza, na ardhi inainama kuelekea mdomoni kwake.

Siku nyingine wangecheka. Shaaban alitazama chini ya benchi, akanyanyua miguu kidogo, akajifanya anakuna kisigino.

Matonya alijaribu elimu. Alieleza kwamba padre aliwaambia dunia inazunguka, na kitu kinachozunguka hakikosi kuteleza vitu vyake, kwa hiyo hata wao pale benchini huenda wamesogea, ila kwa kuwa wamesogea pamoja hawakuona. Alianza vizuri, kwa ile sauti yake ya mbele za watu. Katikati sauti ikamwishia.

— Nililala pale jana, alisema. Kati ya mtama, tangu jua lilipozama mpaka jogoo. Sikuona kitu. Giza tu. Ila nilisikia mtu anameza.

— Anameza nini? aliuliza Hasani.

— Maji, baba. Anameza. Glu. Halafu anapumzika. Halafu mwingine.

Shaaban alikuwa na kahawa mdomoni. Ilimchukua muda kuamua la kuifanya.

Bi Batuli hakuwa mtu wa nadharia. Alikuwa mjane wa askari, aliyemfuata mumewe kwa miguu kutoka Bagamoyo siku ambazo reli haikuwa hata ndoto, na mazungumzo ya wanaume aliyachukulia kama moshi wa kuni: alikaa upande usiko. Sasa aliliweka buli chini.

— Matonya, mwanangu. Mawe umeyatoa wapi?

Matonya alisema korongoni, kama alivyowaambia watu wote.

— Mawe ya korongoni ni ya mviringo, alisema Bi Batuli. Haya yana pembe, na mengine si ya huku kabisa. Nimeona jeupe la kule kwa Wakaguru. Jiwe halivuki nchi bila mtu kulibeba. Nakuuliza tena.

Hasani Ngozi ghafla alipata kazi kubwa ya kutoa kupe kwenye ngozi aliyokuwa ameikalia. Bi Batuli alimwangalia yeye badala ya Matonya, na Hasani, ambaye angeweza kumwuzia mtu ngozi ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, hakuweza kustahimili macho hayo. Alisema punda walikuwa wake, lakini wazo halikuwa lake.

Habari ikatoka. Mashariki, njia ya zamani ya misafara inapopanda kile kilima cha mwisho baada ya nyika ya Marenga Makali, kulikuwa na lundo la mawe. Kila aliyepita pale kwa miguu aliongeza moja. Walikuwa wameongeza tangu enzi za mababu, mpaka lundo likawa refu kuliko mtu. Matonya alifika na punda sita wa Hasani, akachagua arobaini yaliyo mazuri. Alikuwa na hoja zake. Treni imekuja, nani tena atapita pale kwa miguu? Lundo limekwisha kazi yake. Na hata hivyo, shuleni walimfundisha kwamba jiwe ni jiwe.

— Na walikufundisha ni ya nini? aliuliza Bi Batuli.

Hilo Matonya alilijua bila shule.

Bi Batuli aliwaeleza hata hivyo, akitazama makaa. Mwaka aliopita yeye, walikuwa watu mia tatu, na maji ya Marenga Makali ni machungu, ukiyanywa yanakuzidishia kiu. Siku tatu. Waliokuwa wanaanguka hawakuzikwa, maana mwenye nguvu ya kuchimba alikuwa anazihitaji nguvu hizo kutembea. Walikuwa wanaita. Hawakuita majina ya mama zao, kama watu wanavyosema. Waliita maji.

— Sisi tuliokuja nyuma hatukuwa na maji ya kuwapa, alisema. Tukawapa jiwe. Tukapita.

Upepo uligeuka, ukaleta harufu ya mtama uliokauka kutoka bustanini. Hakuna aliyegusa kikombe.

Bi Batuli alimwambia Matonya ayatoe leo, kabla jua halijazama, aanze safari ya kuyarudisha; punda wapo, na yeye mwenyewe angefunga kibanda akaenda nao. Hasani alikuwa ameshainuka nusu. Matonya aliuliza, kwa adabu, kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea, akiyatoa leo, kesho saa tatu Bwana Shauri akija ataona nini. Njia tupu na shimo kavu. Habari ya nani hiyo? Shaaban alisema bora kushindwa kuliko kushindana na watu wa namna ile. Matonya alisema ni bora kwa nani.

Na kama ungetaka jibu, lilikuwa linakuja barabarani. Kelele ya mnyororo ilitangulia, kisha vumbi, kisha watu wanane na madebe vichwani. Yotham alikuwa wa sita. Mfupa wa bega lake ulikuwa umetokeza kama kipini cha jembe. Hakutazama benchi, maana kutazama benchi kulikuwa na kiboko chake. Siku zote alipita macho chini, lakini leo walipofika usawa wa bustani aligeuza kichwa kwenda upande wa pili, akaiona ile safu ya mawe, na akasimama.

Alisimama kabisa. Mnyororo ukakaza, wa mbele wakayumba, maji yakamwagika. Askari alimchapa mara moja, akamchapa mara ya pili, na Yotham aliendelea kusimama, akitazama, mdomo wazi. Ilibidi wenziwe wamvute. Walipopotea nyuma ya ukuta wa boma kikohozi chake kilibaki kikisikika, kirefu, kama mtu anayejaribu kutema neno.

— Ameona kazi ya mdogo wake, alisema Matonya, na macho yalimjaa maji. Amejua ni kwa ajili yake.

Akakiweka kikombe chini.

— Mawe hayatoki. Wale wameshakufa, Bi Batuli, na mimi nawaomba radhi. Huyu bado.

Jua lilipokuwa linakuchwa alilijaza ziwa madebe sita. Akasita, akaongeza la saba. Safari hii hakulala pale.

Asubuhi uwanja ulijaa. Askari walipiga tarumbeta, mbuzi wakakimbia, na Matonya, aliyevaa kanzu ya kuazima ya Shaaban iliyomfika magotini, alipenya katikati ya watu akafika kwenye kiwanja chake na kuona kwamba amekwisha.

Hapakuwa na safu tena. Mawe yote arobaini yalikuwa ukingoni mwa ziwa. Yalikuwa yamelizunguka, yamebanana bega kwa bega, na yote yalikuwa yameinama, kila moja limelalia mbele, kichwa kuelekea chini kwenye ule udongo mkavu uliopasuka. Mizigo ilikuwa nyuma yao, njiani. Haikuwa imevunjika. Ngata zote arobaini zilikuwa zimewekwa chini, na mishubiri juu yake, vizuri, kama vitu vya watu watakaorudi kuvichukua.

Watu wa misheni walikuwa wananong'onezana. Mama mmoja alimchukua mwanawe akaondoka. Matonya alifungua mdomo ili aseme bustani imeharibiwa na wabaya wake, apewe siku moja, lakini Bwana Shauri alikuwa ameshafika, ameshaipita Edeni bila kupunguza mwendo, ameshaipita bendera ya askari kwa kukunja uso. Mbele ya mawe alisimama. Alivua kofia. Upepo ulizichezea nywele zake chache, kisha alisema jambo kwa mkalimani kwa sauti ya chini.

Mkalimani alitangaza kwamba Bwana Mkubwa anasema hii ndiyo pekee aliyoisoma bila kuambiwa. Wapagazi wamefika. Wametua mizigo, wanakunywa. Bwana Mkubwa anauliza, umewezaje kulifanya jiwe lionekane lina kiu.

Na Matonya Kitabu, aliyekuwa amejiandaa kulia, alijisikia akijibu:

— Mwambie ni ufundi.

Bwana Shauri alimwuliza anataka nini, naye akasema. Mkalimani alisita kabla ya kutafsiri. Bwana Shauri aliyatazama tena mawe, akatikisa kichwa kukubali: mtu huyo atafunguliwa alasiri. Kisha akaongeza kwamba bustani hii haivunjwi. Waashi wa boma watakuja kesho kuyapigilia mawe kwa saruji, yakae hivyohivyo, na atakayegusa hata moja atalala kwenye mnyororo.

Alasiri ile benchi halikutosha. Matonya alieleza tangu mwanzo jinsi alivyopanga kila kitu, mpaka lile tendo la kutua mizigo, siku ya mwisho, kwa mshangao. Kila alipoeleza upya aliongeza kidogo, na kufikia kikombe cha tatu ilikuwa ni yeye aliyemfundisha Bwana Shauri kuvua kofia. Shaaban alikubali kwamba huenda alisahau tu kuwaambia. Hasani alikubali pia, kwa kuwa punda walikuwa wake. Bi Batuli alimimina kahawa na hakukubali wala kukataa, na kibanda chake alikuwa amekigeuza mlango, usitazame uwanja.

Yotham alikuja peke yake, taratibu, akiwa bado na mwendo wa mtu anayesubiri kuvutwa. Shingoni alikuwa na pete ya ngozi nyeupe mahali chuma kilipokuwa.

— Mbukwenyi, aliwasalimu.

Walimwitikia wote kwa pamoja. Matonya aliinuka akamkumbatia, akahisi mbavu moja moja, akamkalisha mahali pake mwenyewe. Bi Batuli hakumpa kahawa. Alimpa maji, kata nzima. Yotham aliishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Alisema, asante, mdogo wangu, nimeambiwa ni wewe. Alikohoa. Kisha akasema alitaka kuuliza jambo moja, amelishika tangu jana alipoona.

Alianza mbali. Methusela, alisema. Wanamkumbuka Methusela? Walimkumbuka: rika lake Yotham, walitahiriwa siku moja, walikwenda pamoja na mizigo ya boma. Watu walisema alitorokea mashamba ya mkonge Tanga, na mama yake mpaka leo huwauliza wanaoshuka kwenye treni. Yotham alitikisa kichwa. Hakutoroka. Walitembezwa siku mbili, kisima walichokitegemea kilikuwa kimekauka, na Methusela alianguka pale kwenye lundo. Mnyampara hakusimama. Yotham alitua sanduku la boma, akakaa naye mpaka alipokwisha. Kisha akashuka kilimani, akatafuta jiwe, akalibeba kichwani kwa ngata ileile ya sanduku, akapanda nalo, akaliweka. Nguvu zikaishia hapo. Walimkuta ameketi.

— Shaurini hawakuniuliza hayo, alisema. Waliuliza sanduku liko wapi.

Aliigeuza kata mikononi.

— Nilijiambia nikitoka nitampeleka mama yake akaone, aache kuulizauliza stesheni. Sasa, mdogo wangu, jiwe la Methusela ni lipi?

Matonya aligeuka. Alitazama uwanja, akatazama mawe arobaini yaliyoinama kwenye shimo kavu. Alikumbuka mikono yake mwenyewe ikichagua: hili zuri, hili bovu, hili fupi.

Yotham aliinuka na kata yake, akavuka uwanja. Matonya akamfuata. Waliobaki waliwaona wale ndugu wawili wakichuchumaa, na Yotham akiiweka kata kando, akiingiza mikono chini ya jiwe la kwanza na kulinyanyua. Chini yake, kwenye ardhi ambayo kote ilikuwa vumbi, udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na maji yalijikusanya polepole katika alama ya jiwe. Alilirudisha. Akanyanyua la pili. Nalo vilevile.

— Kaka, alisema Matonya, na hii sauti haikuwa ya mbele za watu. Nisaidie. Lilikuwa zito kiasi gani?

Yotham alifikiri.

— Nilikuwa na kiu, alisema. Kila kitu kilikuwa kizito.

Matonya aliivua ile kanzu ya kuazima, akaikunja, akaiweka juu ya mtama. Alizungusha majani mkononi akatengeneza ngata, akaiweka kichwani, akachukua jiwe lililokuwa karibu naye, lolote, akalitwika. Halafu akageuka kuelekea mashariki. Kule benchini Hasani Ngozi alimeza kahawa yake yote, akaenda kuwafungua punda. Na kwenye lango la boma, askari wa zamu, aliyekuwa ameegemea ukuta, alisimama wima.